Kwato za Bahati na Unyayo wa Bwana Mrisho

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa au kumi, maana mama hakuandika popote, Rumonge nzima ilikuwa na farasi mmoja, na farasi huyo alikuwa mgonjwa wa miguu. Punda tulikuwa nao, wa misafara. Farasi hapana, mbung'o waliwamaliza njiani kabla hawajaliona ziwa. Huyu alifika na Mdachi mmoja aliyekuwa akipita pwani ile. Mdachi akashikwa na homa, akalazwa ndani ya mtumbwi kupelekwa Usumbura, na farasi akabaki mikononi mwa Bwana Mrisho, tajiri wa mawese na chumvi. Watu wakamwita Bahati, kwa kuwa hakufa.

Nasema mapema nisimpotezee mtu wakati: nilimchukia Bwana Mrisho nikiwa mtoto, na leo nina mvi na meno ya kuhesabu, bado namchukia. Anayetaka hadithi ya kusameheana akaombe kwa jirani.

Baba yangu, Feruzi, ndiye aliyemtunza Bahati. Baba alizaliwa utumwani huko Tabora, akafuata punda wa misafara tangu hajaota ndevu, na miguu ya wanyama aliijua kuliko alivyojua nyuso za watu. Mimi nilikuwa namfuata kila asubuhi uani kwa Bwana Mrisho, nikiwa nimebeba majani. Yeye ndiye aliyenishika mkono akaniwekea kiganja juu ya ukwato.

"Unasikia nini, Zaina?"

"Moto, baba."

"Na hapa nyuma, juu ya kifundo?"

Nikasikia mshipa unagonga kidoleni kama mtu anayebisha hodi kwa hasira.

"Ukwato ni kama ukucha wako," akasema. "Umeshikamana na nyama kwa ndani. Nyama ikivimba, itakwenda wapi? Ukucha hautanuki. Sasa wewe simamia kucha zako siku nzima, ukiwa umebeba tumbo kama hili."

Tumbo lilikuwa kweli la kusimuliwa. Bwana Mrisho alimlisha yule farasi mtama asubuhi, mahindi mchana, na siku za karamu alimiminiwa mabaki ya wali kwa kapu. Kazi hakuwa nayo. Alipandwa Ijumaa tu, kutoka mlango wa tajiri hadi mlango wa msikiti, safari ambayo mimi niliimaliza kwa pumzi moja. Lakini kwetu mnyama aliyenona ni sifa ya mwenyewe, na mgeni akifika lazima aone kitu kinang'aa. Kwa hiyo farasi aling'aa, na akiwa anang'aa alisimama miguu ya mbele ameinyoosha mbali, uzito ameutupa nyuma, kama mtu anayeogopa kukanyaga makaa. Ukimgeuza alinung'unika. Siku nyingine alilala mchana kutwa, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyefiwa.

Baba alimwambia tajiri mara ya kwanza taratibu, faraghani. Apunguziwe nafaka. Apewe majani makavu ya mlimani yaliyolowekwa majini mpaka utamu utoke. Kila asubuhi ateremshwe ziwani, asimame kwenye mchanga wenye maji baridi. Ncha ya ukwato ichongwe fupi kila mwezi mpya. "Ugonjwa huu haung'oki, Bwana. Unatunzwa tu. Ukimtunza atatembea. Ukimwacha, mfupa wa ndani utashuka hadi kwenye nyayo."

Bwana Mrisho alicheka. "Feruzi, wewe ulikula nini utotoni hata unaona chakula ni ugonjwa?"

 Mimi ningemjibu, lakini sikuulizwa.

Kosa la baba, kama ni kosa, lilikuja kiangazi kile. Wageni walifika kutoka Ujiji, wakaketi uani, wakaomba kumwona farasi. Bahati akatolewa akichechemea. Mgeni mmoja akauliza mbele ya wote, "Ameanza lini huyu?" Swali lilikuwa kwa tajiri. Baba ndiye aliyejibu, kwa sababu ndiye aliyejua.

Akainua mguu wa mbele, akaonyesha pete kwenye ukwato. Wengi hawajui kwamba ukwato unaandika. Farasi akiumwa, pete inajichora pale juu nywele zinapoishia, kisha inashuka polepole kwa kadiri ukwato unavyokua. Baba akapima kwa vidole. "Hii ya chini ni ya harusi ya binti wa Bwana, wakati wa masika. Alipewa makapu matatu ya wali na mtama. Hii ya juu ni ya Idi. Mwenyewe ameandika, mabwana. Mimi nasoma tu."

Mgeni mmoja akacheka kidogo. Ndicho kicheko kilichotuponza.

Mtu wa pwani ile unaweza kumwambia ni mnyimi, ni mwoga, hata ni mwongo, mkapatana. Usimwambie chakula cha nyumba yake kinaumiza. Hilo ni neno la sumu. Bwana Mrisho akawa mwekundu mpaka masikioni. "Yaani mtwana huyu anasema mkono wangu unaua?"

Kesho yake aliitwa Mzee Bukuru, mfumu, yaani mganga, wa mlimani, juu ya Minago. Akatazama maji ndani ya bakuli lake, akatazama farasi, akasema yale ambayo mwenye nyumba alikuwa akiyataka: farasi hana ugonjwa, ameibiwa unyayo. Mtu amechota udongo alipokanyaga, ameukausha juu ya moto, na udongo ukikauka mguu unaungua. Mwizi ni nani? "Ni mutu anayeona unyayo huu kila siku."

Nani aliuona kila siku? Baba. Na mimi.

Walimwekea Bahati majivu ya moto miguuni, eti moto uvute moto. Baba akaruka kuyapiga teke. Hapo wakamshika. Bwana Mrisho akaamuru avikwe kamba ileile ya farasi shingoni, akavutwa sokoni toka mwanzo hadi mwisho, mbele ya wauza ndagala, dagaa wa ziwani, na wauza mihogo, watoto wakimwimbia "mulozi! mulozi!", yaani mchawi. Wawili kati yao nilikuwa nacheza nao kila jioni. Majina yao nayajua, na wajukuu wao wananunua kwangu mawese mpaka leo, nawauzia kipimo kamili, lakini siwacheki.

Baba hakulia. Alikuwa akitazama chini, mahali pa kukanyaga, kama alivyomfundisha punda kupita kwenye mawe.

Tukapewa mpaka mwezi uandame. Ukiandama tuwe tumeondoka, baba, mama, mimi, wadogo zangu wawili, na Bibi. Tuende wapi? Tabora baba alikuwa mtumwa. Mlimani kwao mama walikwisha sikia neno mulozi. Jirani hakuja tena kuomba moto kwetu. Mama alipeleka samaki wake, mikeke ya ziwani, sokoni, akarudi nayo yote, imenuka.

Bibi, mama yake mama, tulimwita Nyogokuru kwa Kirundi chake, ndiye aliyekuwa akinionya juu ya nyayo tangu nikiwa mdogo sana. Usitembee miguu mibichi, yenye maji, vumbini karibu na adui. Ukipita, buruza kidole kidogo uvunje alama. Unyayo mbaya zaidi ni ule uliotoka mzima, na kisigino na vidole vyote. Wakiuchukua bila kuvunjika, wakautundika juu ya moto, basi. Alinieleza yote hayo ili nijilinde. Mimi nikayasikiliza ili nijue.

Ijumaa ikafika. Bwana Mrisho hakuwa na farasi wa kupanda, akaja msikitini kwa miguu. Siku zote alipenda kuingia wa mwisho, atazamwe. Alitawadha kwenye mtungi pembeni mwa ukuta, akaacha viatu, akavuka vumbi laini hadi mlangoni, na miguu yake ilikuwa inatiririka maji. Unyayo mmoja baada ya mwingine, mpana, bapa, kisigino kizito kama chapa ya mkate. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mtungi na ganda la mgomba mkononi.

Nikasubiri mpaka nikasikia wote wamesujudu. Adui yangu alikuwa ameweka paji la uso chini mbele ya Mungu, na mimi nilikuwa nimepiga magoti nje, natelezesha ganda chini ya unyayo wake wa kulia. Jua lilikuwa utosini. Unyayo ukatoka mzima, hata kidole cha mwisho.

Nikautia ndani ya kibuyu kikuukuu cha Bibi, nikakitundika juu ya jiko, katikati ya uchaga wa kukaushia ndagala. Kila mama alipokoka moto nilifurahi. Niliuongezea kuni mwenyewe. "Mutoto huyu leo ana bidii," mama alisema. Bidii nilikuwa nayo kweli.

Siku chache zikapita, hakuna kitu. Halafu habari ikatoka nyumbani kwa tajiri: ameamka akipiga kelele. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimevimba, chekundu, hata shuka ikikigusa analia. Mguu wa kulia! Nilikaa uani nikacheka mpaka mdogo wangu akaogopa.

Bwana Mrisho hakuwa na shaka ya kilichompata. Akaajiri mtu wa kutembea nyuma yake na ufagio. Hatua moja, anafagia. Hatua ya pili, anafagia. Rumonge haijapata kuona kitu kama hicho. Wauza ndagala waliuma kanga zao wasicheke. Halafu akaona hata kufagia ni hatari, akaacha kutembea kabisa. Akawa anabebwa kitini, na nyumbani akala kitoweo cha mbuzi kila siku ili apate nguvu. Mwanamke mmoja sokoni akasema, "Sasa ni farasi wawili nyumba moja."

Ningalikuwa mtu wa siri, mambo yangaliishia hapo. Lakini mimi sina kifua. Siku moja alipitishwa sokoni kitini, na baba yupo, anauza kamba zake za mwisho tupate chakula cha njiani. Tajiri akasimamisha wabebaji, akatema mate. "Bado hamujaondoka, wachawi? Mwezi hamuuoni?" Mtu wa ufagio akafagia hata pale mate yalipoanguka.

Nikasikia sauti yangu kabla sijaamua. "Unafagia nini? Umechelewa! Unyayo yako iko kwetu, juu ya moto!"

Mama akanipiga kofi nikaona nyota, lakini neno limekwisha toka. Wanaume wakasimama. Wengine wakaokota mawe. Baba akaja akasimama mbele yangu, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba ananiuliza kama nimelisha punda.

"Ni kweli, Zaina?"

"Ni kweli."

Akafumba macho. Kisha akamgeukia Mzee Bukuru, aliyekuwa amekuja kumtibu tajiri. "Mzee, wewe ndiye unayejua. Unyayo ukiibiwa, dawa yake nini?"

"Kuutia ziwani," mfumu akasema. "Maji yakiuzima, moto unatoka mguuni. Haifiki siku ya saba."

"Hawa wote wamesikia?"

Wakasema wamesikia.

"Basi," baba akasema. "Udongo utaletwa sasa hivi, tuutie majini mbele yenu. Bwana akipona kabla ya siku ya saba, mimi ni mulozi, mnitie majini na mimi. Asipopona, mjue mguu wake na mguu wa farasi imekula kapu moja. Na sisi hatuondoki."

Bwana Mrisho alikuwa anautaka mguu wake kuliko kitu chochote. "Nakubali," akasema. "Leteni haraka."

Nikatumwa mimi. Watu wakabaki nje, nikaingia jikoni peke yangu, nikatazama juu kwenye kibuyu. Baba hakuamini mambo ya nyayo, hata kidogo; ndiyo maana alikuwa ameweka shingo yake pale bila woga. Mimi niliamini. Niliamini mpaka kwenye mifupa. Kwa hesabu yangu ya mtoto, udongo ule ukigusa maji, mguu utapona, na baba yangu atakufa.

Nikachukua ganda jingine la mgomba. Nikachota udongo wa pembeni mwa jiko, nikaunyunyizia maji, nikaubonyeza kwa ngumi upate kisigino. Kibuyu nikakiacha kilipo.

Nilipogeuka, Bibi alikuwa ameketi kwenye kona yake. Alikuwa hapo muda wote. Hakunipigia kelele. Alisema kwa Kirundi, pole pole, maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Anayeweka unyayo wa mtu amejiweka kuwa mlinzi wake. Hutaondoka hapa, mwanangu. Kila njia utakayoishika itakurudisha kwenye hicho kibuyu."

"Sitaki kuondoka," nikamjibu, nikatoka mbio.

Baba alitia udongo wangu wa jikoni ziwani, mbele ya watu wote, ukayeyuka kama uji. Tukahesabu siku. Ya tatu Bwana Mrisho alisema anaona nafuu, na mama hakula siku hiyo. Ya tano akalia tena, maana rafiki zake walikuwa wamemletea mbuzi wawili kumpongeza. Ya saba alibebwa hadi sokoni ili watu waone, na waliuona mguu: umevimba kama mhogo. Mzee Bukuru akabeba bakuli lake, akashika njia ya mlimani bila kuaga. Mwanamke mmoja akaja kwetu jioni hiyo kuomba moto. Mama akampa kaa kubwa kuliko yote, akaingia ndani akalia.

Hakuna aliyemwomba baba radhi. Bwana Mrisho alituma mtu tu: "Njoo muchukue farasi yenu, sitaki kumuona." Nadhani kila alipomtazama Bahati alijiona mwenyewe.

Basi tukapata farasi. Hakupona, baba alikwisha sema haponi. Lakini kila asubuhi nilimteremsha ziwani, akasimama kwenye mchanga wa maji baridi huku wavuvi wakimtania, "Bibi arusi ameshuka kuoga!" Majani tuliloweka. Nafaka hakuonja tena, hata alipotulilia. Kila mwezi mpya baba alimchonga ncha, kidogo tu, kisha akanipa kisu mimi. Kwenye mawe alichechemea mpaka mwisho. Kwenye mchanga alitembea kama mfalme, na siku moja, naiona mpaka leo, alikimbia, hatua kumi hivi, mwenyewe akashangaa akasimama. Pete mbaya zilishuka, zikafika chini, tukazikata, zikaisha. Alikufa uzeeni, Wadachi wamekwisha kuondoka.

Mara moja baba alikwenda kwa Bwana Mrisho akamweleza afanye vilevile: ale kidogo, atembee, aache mbuzi. Alirushiwa kikombe. Alirudi na shati lenye chai, akasema, "Farasi alikuwa na akili zaidi." Yule tajiri alichechemea mpaka kaburini, na siku ya mazishi yake niliuza mawese kama kawaida.

Nilijifunza kusoma peke yangu, kwa vipande vya karatasi za kufungia chumvi, na baadaye nilisoma na kuuliza mengi. Najua kidole cha Bwana Mrisho kilivimba kwa kula na kukaa. Baba alikuwa sahihi juu ya miguu yote sita. Hata hivyo hakuna aliyejua, wala baba hakujua alipokufa, kwamba ushahidi wake ulikuwa udongo wa jikoni. Mimi ninayewatukana wenzangu sokoni kwa kuweka kidole ndani ya kipimo, niliweka mkono mzima.

Wadogo zangu waliondoka, mmoja Ujiji, mmoja Usumbura. Mimi nilichumbiwa na mtu wa Nyanza, mtu mzuri, nikakataa kuhama. Nilisema ni kwa ajili ya farasi. Farasi alipokufa nikasema ni kwa ajili ya mama. Mama alipokufa sikusema kitu.

Kibuyu kiko juu ya jiko langu mpaka leo. Ziwa liko hatua mia moja kutoka mlangoni. Kama ni udongo tu, mtu angeuliza, si ningekwisha utupa? Mara mbili nimekishusha, nimefika nacho mpaka mahali Bahati alipokuwa akisimama, maji yakanigusa vidole. Halafu namwona baba ana kamba shingoni, anatazama chini mahali pa kukanyaga. Narudi, nakitundika.

Wajukuu wa wadogo zangu wakija wakiniuliza ndani mna nini, nawajibu: udongo. Sijapata kumdanganya mtoto.